Askari wa Ori kwenye Kompyuta ya Shangazi

"Barua ikishatoka hapa, na kule haijafika, iko wapi?"

Shangazi aliniuliza swali hilo Ijumaa moja asubuhi, mimi nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Nilisema iko njiani. Akauliza njia gani. Nikajifanya nakagua waya.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu juzijuzi tu, na nilichosomea ni sosholojia. Lakini kwetu Majengo, hapa Pumwani, shahada ni shahada. Ukishapigwa picha na lile joho, unatarajiwa kujua kompyuta, sheria ya ardhi, dawa ya presha, na kwa nini tokeni za stima zinakataa kuingia. Isitoshe, mimi ndiye niliyekuwa nikiwachosha watu kwa maswali tangu utotoni. Shangazi alizoea kusema kwamba watoto wengine walizaliwa wakilia, mimi nilizaliwa nikiuliza. Siku hiyo aliuliza yeye, nami nikaona jinsi inavyouma.

Duka lake la kuchapa liko katika chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia bibi, hapo Pumwani. Alianza na taipureta, akaja kwenye kompyuta. Amewachapia watu maombi ya kazi, kadi za harusi, matangazo ya hitima. Na halikutoka neno bovu mlangoni pake. Mtu akileta karatasi iliyoandikwa "wageni zote wanakaribishwa", aliondoka na "wageni wote", awe ameomba kurekebishiwa au hakuomba. Wengine walikasirika. Mmoja alimwambia, "Mama, mimi nimekuja kuchapiwa, sikuja shule." Shangazi akamjibu, "Basi leo umepata vyote viwili. Nenda salama."

Ndipo ikaja ile kazi. Kampuni moja ya vitabu mjini ilikuwa inatafuta mtu wa kusahihisha Kiswahili cha hadithi za watoto. Shangazi akaomba kwa barua pepe, na mhariri akampigia simu. Nilikuwapo. Mhariri alimuuliza ni mtu wa wapi, Shangazi akasema Pumwani. Kule upande wa pili pakawa kimya kidogo.

"Pumwani hii ya hapa Nairobi?"

Nilielewa kimya kile. Kila Mkenya anaujua ule utani kwamba Kiswahili kilifika kwetu kikaugua, na wanaoupenda utani huo huamini kwamba kitanda cha mgonjwa kiko Eastlands, upande wetu wa Nairobi. Kampuni ilizoea kuwachukua watu wa Pwani. Shangazi amezaliwa Majengo, na mama yake alizaliwa Majengo.

"Ndiyo, mwanangu, Pumwani hii hii," alisema. "Kwetu hicho Kiswahili tunakiota usingizini."

Wakampa hadithi moja ya kumjaribu, yenye picha nyingi. Airudishe kabla ya saa kumi jioni Ijumaa, kutoka anwani ile ile ya barua pepe aliyoombea kazi. Ikiwa safi, atapewa mfululizo mzima wa vitabu. Ikichelewa, asijisumbue kupiga simu.

Asubuhi hiyo kazi ilikuwa tayari. Shangazi akaiambatisha, akabonyeza kutuma. Mstari wa kijani ukatambaa, ukakaribia mwisho, ukasimama. Kisha ikatokea sentensi nyekundu: huduma imechelewa kujibu, barua haikutumwa. Barua ikarudi kukaa kwenye folda ya zinazosubiri kutoka. Akabonyeza tena, mstari ukatambaa, ukasimama, nyekundu ikarudi.

Nikamwambia nitume kwa anwani yangu, kwenye simu.

"Halafu waseme nini? Kwamba kazi nimefanyiwa na mtoto wa kaka yangu wa chuo kikuu?" Hakunitazama. "Imeandikwa itoke kwangu. Itatoka kwangu."

Anwani yake alifunguliwa na kijana mmoja ambaye sasa alikuwa Doha akiendesha lori, na simu yake haikuwa ikipatikana. Pasiwadi aliiandika yeye mara moja tu, mashine ikaihifadhi, na sisi tulichokiona ni vitone vyeusi. Kwa hiyo barua ingetoka kwenye kompyuta ile au isitoke kabisa.

Mimi nilikuwa najikuna kichwa. Shangazi alifungua hadithi upya.

"Maadamu imenirudia, ngoja niitazame tena," alisema. Palikuwa na sentensi ya bibi mmoja na mjukuu wake: uji ulikuwa moto sana. Tayari alikuwa ameandika "uji ulikuwa wa moto sana", maana, kama alivyoniambia, uji hauwi moto, moto ni moto. Sasa akaifuta yote, akaandika "uji ulikuwa bado unafuka". Akatuma. Nyekundu. Akaitazama tena sentensi yake, akasema mtoto hajali kufuka, mtoto anajali ulimi. Akaandika "uji ukamchoma ulimi". Akatuma. Nyekundu.

Fundi wa simu, jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta, akachungulia mlangoni. Ni mwanamume wa makamo anayejiona kijana; kwake Shangazi ni "mathe", mimi ni "sistee".

"Niaje, sistee. Mathe amekwama?"

"Imeli haitoki," nikamwambia.

Akaingia, akashika waya, akaushika mwingine, akageuza kipanya juu chini kama anayenunua samaki. "Chaja feki. Kipanya feki. Windows yenyewe ni ya kukopi. Sasa mnashangaa nini? Hii ni kufomati tu: futa zote, anza upya."

"Kwako kila kitu ni kufomati," nikamwambia. "Juzi simu ya jirani iliingia maji, ukasema kufomati."

"Na si ilipona?"

"Ilikufa."

"Ilikufa ikiwa imefomatiwa, sistee. Kuna tofauti."

Shangazi alicheka bila kutoa macho kwenye kioo. Nikamuuliza fundi kuhusu antivairasi. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mzazi.

"Ai! Hiyo si ni ori?"

Na kweli ilikuwa ori, kitu halisi kisicho kopi. Wakati wa Ramadhani mteja alikuja na flashi iliyojaa virusi, na kazi nyingi za Shangazi zikageuka takataka. Alikwenda mjini mwenyewe, akanunua programu halali ya kuzuia virusi, ya mwaka mzima. Boksi lake tupu alilipanga kwenye rafu, karibu na picha ya Makka. Mtaani kwetu neno hilo lina heshima yake. Kiatu ni kopi, marashi ni kopi, betri ya simu ni kopi, na mtu akiwa na kitu cha ori anakitaja hata hajaulizwa. Katika chumba kizima kitu cha ori kilikuwa hicho kimoja. Nani angekishuku?

Adhana ya Ijumaa ikaita, fundi akaenda kuswali, Shangazi akaenda kutawadha. Nikabaki na mashine.

Sikujua lolote kuhusu jinsi barua pepe zinavyosafiri, lakini nilijua kushuku, na nikaamua kushuku kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikaizima waifai ya jirani, nikawasha bando la simu yangu, nikatuma. Nyekundu. Basi si mtandao. Nikatuma barua tupu yenye neno "salamu" kwa anwani yangu. Ikatoka papo hapo. Basi si anwani wala pasiwadi. Nikakata hadithi vipande viwili, nikamtumia mhariri kipande cha kwanza. Mstari ukatambaa, nyekundu. Kipande cha pili, nyekundu.

Shangazi aliporudi kwenye kiti, fundi naye akawa amerudi, kofia bado kichwani, na hukumu yake mkononi. "Ni saizi. Faili ni kubwa."

"Shangazi, mara ya mwisho kutuma barua nzito ni lini?"

Akafikiri. "Picha za harusi ya watu wa Kaloleni. Kabla ya Ramadhani. Zilikuwa nzito kuliko hii."

"Zilitoka?"

"Zilitoka mara moja."

"Na tangu hapo nini kimeongezeka humu ndani?"

Wote watatu tulitazama rafuni.

Nikabonyeza kutuma, safari hii nikiwa nimekazia macho pembe ya chini ya kioo, pale alama ya antivairasi ilipokaa. Mara tu mstari wa kijani ulipoanza kutambaa, ile alama ikaanza kuzunguka. Nikaifungua. Palikuwa na maneno madogo: inakagua barua inayotoka. Barua tupu ilikuwa imepita kwa sababu haikuwa na kitu cha kupekuliwa. Hadithi yenye picha ilipekuliwa ukurasa baada ya ukurasa, hadi mashine ikachoka kungoja.

Nikamweleza Shangazi: hiyo ni kama askari mlangoni, na hakagui wanaoingia tu, anakagua pia wanaotoka.

Akageuka na kiti chote. "Ananikagua mimi?"

"Ndiyo."

"Nimemnunua mimi, analala kwangu, na mimi nikitoka kwangu anipekue mfuko?"

"Mathe, ori iko hivyo," fundi akasema. "Haina mjomba, haipendelei mtu."

"Wewe nyamaza, ulitaka kunifomati."

Nikasema tuizime. Hapo uso wake ukabadilika. Aliweka mkono juu ya kipanya. "Huizimi. Kazi zangu zilizopotea unazijua? Nilizichapa upya kwa machozi. Haizimwi."

Saa tisa ilikuwa imeshapita. Angeweza kukosa kazi kwa kuiogopa hasara, na sikuweza kumlaumu, maana hasara ile niliiona. Nikafikiri: kwa nini tuchague kati ya kumfukuza askari na kufungiwa ndani? Nikaomba kipanya kwa adabu zote nilizofundishwa. Nikaingia kwenye setingi, ukurasa mmoja, mwingine, hadi nikafika mahali pa barua. Palikuwa na visanduku viwili vyenye alama ya vema. Kimoja cha barua zinazoingia. Kimoja cha barua zinazotoka.

"Tazama," nikasema. "Cha kuingia kinabaki. Flashi zitakaguliwa kama kawaida, faili zitakaguliwa. Naondoa hiki kimoja tu. Wewe unajua ulichoandika, huhitaji kupekuliwa."

Akasoma visanduku vyote viwili, polepole, kama anavyosoma kila kitu. Halafu akasema, "Ondoa."

Nikaondoa. Akaifungua hadithi mara ya mwisho, hakubadilisha kitu, akaiambatisha nzima, akabonyeza mwenyewe. Mstari ukatambaa, ukapita pale ulipokuwa ukisimama, ukafika mwisho. Folda ya zinazosubiri ikawa tupu.

"Alhamdulillahi," Shangazi akasema. Hakuruka wala kupiga vigelegele. Alinyoosha mtandio wake, kisha akanishika shavu kwa nguvu, kama mtoto, mbele ya fundi.

Fundi alitoka nje akitangaza, "Sistee amefomati bila kufomati!" Kwa wiki nzima watu walinisimamisha njiani: shangazi wa fulani ana printa inayokohoa, mjomba wa fulani ana kompyuta inayozimika. Sikuwafukuza. Nilikuwa na kiburi, na nilikuwa na haki nacho. Nilikuwa nimetumia miaka chuoni nikifundishwa kwamba jambo linaloheshimiwa na wote ndilo la kuulizwa kwanza, na hapo Pumwani, mbele ya boksi tupu, nilikuwa nimeuliza.

Jumatatu mhariri alipiga simu. Safari hii hakukuwa na kimya. Shangazi alipewa mfululizo wote, na baada yake mwingine. Siku hizi nikipita karibu na shule nikaona mtoto amekaa kwenye ngazi na kitabu, huinama kutazama jalada, na ikiwa ni kimojawapo cha Shangazi huwa namwambia mtoto yule, hata kama hataki kusikia, kwamba maneno hayo yalinyooshwa hapa Majengo.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na kila mara mwokozi nilikuwa mimi. Kisha Idi moja, miaka kadhaa baadaye, mhariri yule alikuja kula kwetu, na katikati ya pilau nikakisimulia tena. Aliweka kijiko chini akacheka hadi akafuta machozi. Akasema barua zote za Ijumaa ile zilimfikia, tangu ya kwanza ya asubuhi. Ndipo nikaelewa: askari alikuwa akimaliza kupekua na kuziachia nzima, ila jibu la kusema zimefika ndilo lililochelewa kurudi kwetu, nayo mashine ikakata tamaa na kuandika nyekundu. Alipata hadithi ile tena na tena, pamoja na vipande vyangu viwili. Mwanzoni aliudhika. Kisha akafungua nakala mbili kwa pamoja, akaona maneno yamebadilika, akafungua ya tatu, na akamwona mtu akifikiri. Kufikia saa ya swala ya Ijumaa alikuwa ameshaamua kumpa Shangazi vitabu vyote. Ile ya mwisho, niliyoikomboa mimi kwa askari, hajawahi kuifungua.