Kitanda cha Kumwonyesha Mgeni

Kitanda kilikuja asubuhi nyuma ya pikapu, kimefungwa kamba kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Kitanda kipya cha kujifungulia, chuma kinang'aa, godoro bado liko kwenye nailoni. Mimi nimekulia sokoni Mpanda, mama akiuza vitunguu, na kitu kizuri kikija bila kudaiwa chochote huwa nakizunguka mara mbili. Mara ya pili nikaona, chini kabisa, jina la kituo kingine cha afya limeandikwa kwa rangi nyeupe.

"Cha kuazima," nikamwambia mganga mfawidhi, ndiye bosi wetu.

"Ni cha Serikali, na sisi ni wa Serikali," akasema. "Mgeni wa ukaguzi akifika leo asikute lile fremu la kutu."

Kwenye lile fremu la kutu nilikuwa nimezalishia miaka yote niliyokaa pale, kituo cha kando ya barabara iendayo Sitalike. Godoro lake lilichanika katikati, damu ikaingia kwenye sponji ikafanya makazi. Jua likipanda lilinuka kama bucha iliyokatikiwa umeme. Tuliomba jingine, tukajibiwa vifaa viko njiani. Sijui njia hiyo inapita wapi, maana hata ng'ombe waliotoka Usukuma wakiswagwa kwa miguu walishafika, wakazaa.

Watu huniuliza kwa nini manesi wanaacha kazi. Wanataka niseme mshahara. Mshahara mdogo unauzoea, kama kiatu kinachobana. Nilichoshindwa kuzoea ni kichefuchefu, na sisemi kile cha damu. Wakati huo mwenzetu mmoja alishaondoka, anauza dawa za mifugo, anasema ng'ombe wana shukrani. Dada yangu wa Kawajense naye alikuwa akinipigia kila Jumapili nikashike naye biashara ya mchele. Nilikuwa namwambia, subiri. Mikono yangu ilijua kuzalisha, na nilitaka kubaki.

Amri ya siku ile ilikuwa moja: mtu asilale kwenye kitanda kipya mpaka mgeni akione. Fremu la zamani likabebwa, likafichwa nyuma ya jiko.

Saa nne akaingia binti wa Kisukuma, mimba ya kwanza, na mama mkwe wake nyuma, beseni kichwani. Nikampima, nikaona njia bado haijafunguka. Kisha nikamvuta mama mkwe pembeni nikamnong'oneza kuhusu glovu. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu. Ukutani tuliandika kuwa huduma ya mjamzito ni bure, na chini ya huo ukuta tulinong'ona kuwa glovu aje nazo mwenyewe, maana stoo ilikuwa na panya tu. Kunong'ona tuliagizwa na mfawidhi. Alisema tukisema kwa sauti tunaichafua Serikali.

Mama mkwe akaenda dukani, ng'ambo ya geti, akarudi mikono mitupu.

"Wanataka ninunue boksi zima, mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma. "Kwani huyu anazaa kijiji?"

Nikamwachia mhudumu wa wodi yule binti, nikavuka naye barabara.

"Mpe mama pea chache," nikamwambia mwenye duka.

"Nikifungua boksi, zilizobaki atanunua nani?"

"Kwani wanawake wa hapa wameacha kuzaa? Fungua."

"Wewe nesi ungefaa sokoni."

"Nimetokea huko. Fungua, na lisiwe lile boksi la juu lenye vumbi."

Akafungua. Mama mkwe akatoka pale anatembea kama aliyeshinda kesi.

Tuliporudi, binti uchungu ulishamshika vizuri. Palikuwa na kitanda kipya na palikuwa na sakafu. Nikampandisha kitandani. Mfawidhi akachungulia mlangoni.

"Nilisema nini kuhusu hicho kitanda?"

"Ingia umwambie mtoto amsubiri mgeni."

Akafikiri kidogo. Kweli alifikiri, nilimwona. "Basi usitoe nailoni."

Yule binti akazalia juu ya nailoni. Kila akisukuma anateleza, damu na maji vinakimbilia kwenye mikunjo vinatuama chini ya mgongo wake, na ile nailoni inalia kama mfuko wa mkate. Mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Nikahesabu vipande vya gozi nilivyofutia damu, nikahesabu tena, vyote vikawepo, hakuna kilichobaki ndani yake.

Sijamaliza kumsafisha mama, msafara ukaingia. Mpiga picha akatangulia na viatu vyenye vumbi mpaka kwenye miguu ya mzazi. Nikamfunika binti kwa kanga. Mgeni alikuwa ameshika leso puani, anakisifia kitanda. Kisha akamgeukia mama mkwe.

"Mama, mmehudumiwa vizuri?"

Mama mkwe akasogea mbele. Alitaka kunilipa, na alilipa kwa sarafu aliyokuwa nayo.

"Vizuri sana, baba. Huyu mayu ni mtu. Dukani walitaka tununue boksi zima la glovu, akaenda mwenyewe, akanipigania bei, wakatukatia kidogo."

Sokoni kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

"Kwa hiyo nesi anapeleka wagonjwa dukani," mgeni akasema, akiiambia kamera. "Nyie ndio mnaotuchafulia. Duka ni la nani, la mumeo?"

"Sina mume, mheshimiwa. Glovu ndizo hazipo."

Akamtazama mfawidhi. "Hamna glovu?"

Mfawidhi akatazama dari iliyopakwa rangi juzi. "Zipo, mheshimiwa. Labda hakuangalia stoo."

Mama mkwe akanishika mkono. "Mayu, nimesema vibaya?"

"Umesema vizuri, mama."

Vumbi la magari yao halijatua, dereva wa pikapu akawa mlangoni.

"Sista, fanya haraka. Kesho mgeni yuko Mpimbwe, kitanda kinatakiwa kule leo."

"Kuna mtu juu yake."

"Namwona. Ndio maana nimesema haraka."

Tukalirudisha fremu la kutu, kuku walikuwa wameshalinyea, nikalifuta, nikatandika kanga mbili za mama mkwe, tukamhamisha binti. Nikaibandua ile nailoni yenye damu. Godoro chini yake lilitoka safi kabisa, tayari kwa kutazamwa. Mfawidhi akalipapasa.

"Umeona faida yake?"

Kisha akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Andika maelezo. Sema ulipitiwa, hukuangalia stoo, unaomba radhi. Nakupa onyo, yanaisha."

"Nikiandika hivyo, glovu zitakuja?"

"Usianze."

"Godoro je?"

"Dada, nakurudishia kazi yako, unaniletea biashara."

Nikapiga hesabu. Natoa uongo wenye sahihi yangu. Napata fremu, panya, kunong'ona, na mama mkwe mwingine ambaye siku moja atanisifu mbele ya watu. Nikaanza tena kutokea mwisho, ikaja hasara ileile.

"Bei hiyo hapana, bosi."

Nikaondoka. Nimefika mlangoni akaniita kama muuzaji anavyomwita mteja: "Njoo basi, onyo la mdomo tu." Sokoni, hapo ndipo mtu anaporudi. Mimi sikurudi.

Nilimaliza zamu, maana binti alikuwa bado anavuja damu kidogo na tumbo lilitaka kukandwa mpaka likaze. Likakaza. Jioni nikamkabidhi kwa nesi mwenzangu wa usiku, nikamwambia kesho asinitegemee, wala keshokutwa.

Alitazama wodi, akatazama ratiba ya zamu ukutani, ambayo sasa ilikuwa yake peke yake.

"Basi niachie yeboyebo zako," akasema. "Zangu zimetoboka, damu inaingia."

Nikavua. Akazijaribu palepale, zikampwaya. Akasema atavaa na soksi.