Magimbi ya Bondeni

Juzi sokoni Tukuyu mteja alimega gimbi la kuchemsha, akalinusa kabla ya kula. Nikamkumbuka mama, mchana mmoja nilipokuwa mtoto, kando ya barabara, na beseni lake la magimbi ya kuuza.

Masika yaliyotangulia mchana ule, lori la mafuta lilikuwa limepinduka darajani, dizeli ikateremka na mto hadi shambani kwetu bondeni. Maji yalikuwa yameshatakata. Ile harufu nilishaizoea, nikidhani mito yote hunuka hivyo.

Abiria mmoja alishuka kwenye basi, akanusa gimbi, akalirudisha.

"Mama, haya yananuka dizeli."

"Hayana kitu, dada. Ona," mama akasema, akalimega, akatafuna polepole huku anatabasamu.

Kila aliyesita, mama alikula mbele yake. Njaa iliniuma, nikanyoosha mkono kwenye beseni. Akaupiga.

"Acha! Utakula ndizi nyumbani."

Nilimnunia njia nzima, nikimwona mchoyo.

Mpaka leo, ukipiga jembe kwenye tope la bonde lile, harufu inatoka. Hakuna anayelima. Mama anaishi kwangu sasa, na magimbi hapiki. Sijawahi kumuuliza kuhusu mchana ule. Naye hajawahi kuusema.