Tusekile Aliyenyamaza Migombani

Mama mkubwa Tusekile ukimwita hakuitika mara moja. Aliitika mara tatu, nne, mpaka ujute kumwita. Sisi watoto wa Iringa tulimcheka kwa hilo. Siku moja tukichambua maharage nikamuuliza sababu, naye akanieleza bila kuinua macho kwenye ungo.

Mwaka 1953 mumewe Jailos alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, huko Nairobi. Vita vya Mau Mau vilikuwa vimepamba moto na risasi zilisikika hadi kwenye kota zao. Jailos akaamua binti yao apelekwe kwa babu na bibi huko Rungwe, kwenye milima ya Mbeya. Binti ni Ikupa, miaka mitano, mzaliwa wa Nairobi. Kinyakyusa hakujua hata salamu.

Tusekile ndiye aliyempeleka, siku sita za mabasi na vumbi. Angeweza kubaki naye.

"Nilisema Jailos hana wa kumpikia," aliniambia. "Uongo. Niliogopa ataoa mwingine. Nilichagua mume, mwanangu, nikamwacha mtoto."

Kwa Wanyakyusa wa enzi zile, mwanamke hamtazami baba mkwe wala hasemi mahali atakaposikika naye. Mkwe akitokea, unajificha. Basi siku ile walipofika, mama mkwe alikuwa mtoni, na aliyekuja kumpokea mjukuu ni mzee mwenyewe. Tusekile aliposikia kikohozi chake tu, aliuachia mkono wa Ikupa, akakimbilia migombani, akainama na kujifunika khanga gubigubi.

Mtoto wa kota atajulia wapi mila? Aliona mama yake kamkimbia. Akaita, "Mama." Akaita tena na tena, akilia, na baina yao hapakuwa na hatua kumi. Tusekile aliuma pindo la khanga asije akajibu. Mwisho akanyata kwa njia ya nyuma, akashika barabara kuwahi basi. Watu husema heshima ni kitu cha bure. Ile ilikuwa ghali.

Miaka mitatu alijifariji kwamba hakuwa na la kufanya. Jailos alipoacha jeshi na kupata kazi ya ulinzi hapa Iringa, Tusekile alikwenda kumchukua mwanawe. Ikupa alikuwa na miaka minane, Kinyakyusa kimemkolea. Alipiga magoti akamsalimu kama anavyosalimiwa mgeni. Roho ikamuuma Tusekile, akaanza kujitetea hata kabla ya kuketi.

"Mwanangu, siku ile nilikusikia. Babu yako alikuwepo. Nisingeweza kukujibu."

"Mila naijua, mama, bibi alinifundisha," Ikupa alisema. "Lakini babu hakuwepo. Alipokuona unajificha aliniacha pale pale, akaenda mpaka ng'ambo ya kijito ili upate kuniaga. Nilikuwa peke yangu."

Mama mkubwa aliacha kuchambua. "Ningefunua jicho moja tu," akasema. "Moja. Mimi nilikuwa nangoja aondoke, na kumbe aliondoka zamani."

Ikupa alikataa kuja Iringa. Hakugomba wala hakulia, alisema tu kwamba babu amemzoea. Kesho yake alimbebea mama yake mzigo hadi barabarani, akamuaga vizuri kwa mikono miwili, akasimama pale mpaka basi likaondoka.