Kibao cha Magurudumu Magumu

Mume wangu Lemburis alikuwa utingo wa lori la mbao. Lori hilo lilipopinduka karibu na Kikatiti lilimkata miguu yote miwili, juu ya magoti. Tajiri wake alikuja hospitali mara moja tu, na machungwa kwenye mfuko, akasema poleni. Lori likatengenezwa, likarudi barabarani. Hayo nayasema haraka kwa sababu nikiyakalia yananichoma.

Baada ya hapo akawa mtu wa kubebwa. Mdogo wake, Solomoni, alikuwa amefungua duka la dawa za mifugo miaka ile ya ruksa, biashara za watu binafsi zilipofunguliwa, akanunua na pikapu. Kila Jumapili alitupitia hapa Moshono, akaegesha kwenye geti la kanisa, akambeba kaka yake mgongoni hadi benchi la mbele. Kulikuwa na mlango wa pembeni, tena karibu zaidi. Hakuutumia hata siku moja. Alipita katikati, polepole, huku kina mama wakinong'ona kwamba Solomoni ana moyo. Lemburis alifumba macho huko mgongoni, na watu walidhani anasali.

Mwaka ambao binti yetu Sinyati alimaliza mafundisho ya kipaimara, baba yake alikosa raha. Katika usharika wetu vijana huandamana kutoka getini hadi mlangoni, kila mmoja na baba yake upande wa kulia, na kina mama hufuata nyuma.

"Mama Sinyati," aliniambia, "siwezi kumsindikiza mwanangu nikiwa juu ya mgongo wa mtu. Nitakwenda mwenyewe, la sivyo nibaki nyumbani."

Angebaki nyumbani, nafasi yake ingekuwa ya Solomoni, na Solomoni alikuwa ameshashona suti.

Kibao tulikipata kwa Kandida, mama wa Kichaga aliyeuza viatu vya mitumba kule Levolosi. Ndani ya belo alikuta vibao viwili vyenye magurudumu manne manne, vile ambavyo vijana wa Ulaya husimama juu yake wakateleza barabarani. Kimoja kilikuwa kifupi, kimepinda juu huku na huku, na magurudumu yake madogo meupe. Kingine kirefu, bapa, chenye magurudumu makubwa ya rangi ya chungwa.

"Kaka, chagua," Kandida alimwambia. "Mimi viatu hivi sijui vinavaliwa mguu gani."

Alimwita jirani yake Elirehema, fundi baiskeli, naye akavipindua kama mtu anayekagua kuku wa mnadani. Alituonyesha kimoja kimoja. Ubao umegandishwa tabaka kwa tabaka, ndiyo maana haupasuki. Chini kuna ekseli mbili. Katikati ya kila ekseli kuna bushi, kipande cha mpira kinachobanwa na nati, na ndani ya kila gurudumu beringi mbili, nzuri kuliko za baiskeli. Yote hayo yalikuwa kweli. Halafu akabonyeza gurudumu kubwa kwa ukucha wa dole gumba, likabonyea.

"Hili limeshaoza," alisema. "Mpira ukilainika hivi umekwisha kazi." Akabonyeza lile jeupe, likagoma kabisa. "Hili ndilo gurudumu."

Sote tulikubali. Tulikuwa tumezoea kuuziwa vitu vya nje vilivyochoka, kwa hiyo mkono ulikwenda kwanza kutafuta palipooza.

Kibao kifupi kilikuwa kinayumba ukilalia upande mmoja. Fundi akasema huo ni ubovu, akaikaza nati ya ekseli kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na hakikuyumba tena. Juu yake palikuwa pamebandikwa kitu kama msasa, kizuri kwa nyayo lakini si kwa mtu wa kukalia. Mimi nikakibandua, nikaweka kipande cha blanketi. Lemburis akavaa ndala mikononi, akajisukuma kwenye veranda ya sementi ya Kandida. Kilikwenda mbio, kwa mlio mkali, hadi mwisho wa veranda. Alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba jino lake la pembeni limevunjika.

Mazoezi yote aliyafanyia palepale kwenye veranda. Hakutaka majirani wa Moshono wamwone kabla ya siku yenyewe. Alitaka Solomoni ashtuke.

Siku ya kipaimara njia ya kanisani ilikuwa imemwagwa changarawe mpya kwa heshima ya wageni. Lemburis alikaa kulia kwa Sinyati, shati jeupe, mikono ndani ya ndala. Maandamano yakaanza. Magurudumu ya mbele yaligonga kokoto ya kwanza yakasimama hapo hapo, yeye akaendelea, akaangukia kidevu. Akapanda tena, akaanguka tena. Njia ilipokata kona, kibao hakikukata. Kilikwenda moja kwa moja hadi kwenye maua, na waliokuwa nyuma yetu wakasimama.

Solomoni alikuja amevaa suti yake. "Kaka, panda mgongoni. Watu wanasubiri."

"Waache wasubiri."

Solomoni akamgeukia mtoto. "Sinyati, twende, mwanangu."

Sinyati alimtazama baba yake, damu kidevuni, kisha akawatazama wenzake. Akaenda. Simlaumu, alikuwa mtoto. Huo ni uongo. Namlaumu mpaka leo, na akija kunisalimia nampikia huku namlaumu.

Mimi nilibaki na mume wangu. Tulipofika mlangoni vijana walikuwa wameshawekewa mikono, na mzee wa kanisa akatuomba tusiingie mpaka sala iishe. Tulichokiona ni mgongo wa ile suti.

Baadaye Lemburis alinituma kwa Kandida nikalete kibao kirefu, ambacho mama huyo alikuwa amekifanya rafu ya kupangia viatu. Alivifungua vyote viwili uani, nati zikakaa kwenye sufuria. Akalipitisha gurudumu laini juu ya kokoto, nalo likabonyea, likapita. Akakiunga tena kile kirefu, akalegeza nati kubwa ya ekseli, akalalia kushoto, kibao kikakata kushoto.

"Halikuoza," aliniambia. "Ulaini wake ni wa barabara mbaya. Na kule kuyumba ndio usukani." Aliyasema bila furaha yoyote, kisha akaomba maji ya kunawa.

Siku moja katikati ya wiki aliniambia twende kanisani. Palikuwa kimya, mlango umefungwa kwa kufuli. Alianzia getini na kile kibao kirefu, juu ya changarawe ileile, akapita ile kona bila kugusa ua hata moja. Alikwenda polepole, amejibana ukingoni kabisa mwa njia, na kushoto kwake ameacha nafasi ya mtu mmoja. Mimi nikafuata nyuma, mahali pa mama.