Nyumba Aliyovuka Nayo Clorinda

Kibao kilikuwa kipigiliwe mlangoni kwangu Jumapili baada ya misa. Jumanne ndipo jirani yangu Gumersindo Vera, fundi aliyepewa na kamati ya kijiji kazi ya kuchonga vibao vya nyumba kongwe, aliponionyesha maandishi: "Ilivushwa bahari kutoka Lincay mwaka 1951. Ilichukuliwa na Belarmino Oyarzo."

"Ilichukuliwa?" nikamuuliza.

"Sasa niandikeje, Mwalimu? Ilinunuliwa? Nionyeshe hati."

Belarmino alikuwa baba wa marehemu mume wangu. Tangu niolewe nilisikia minong'ono kwamba aliikokota kwa maksai nyumba nzima ya mbao ya shemeji zake, kaka za mkewe, wakati wao wako Ajentina wakinyoa kondoo. Nimesomesha watoto wa kijiji hiki miaka thelathini na minne. Sikuwa tayari kuona jina la ukoo la wanangu likipigiliwa misumari kama la wezi.

Siku mbili nilipekua makaratasi mjini. Yote yalihusu ardhi: mpaka, kisima, kijito. Nyumba haikutajwa hata mara moja. Ijumaa nikapanda boti hadi Lincay, kwa bibi mmoja, Hermosina Nahuel, wa miaka tisini na mmoja, ambaye usichanani mwake aliwapikia watu siku ile ya kukokota. Nilimkuta akimenya viazi.

"Wewe ndiye mkwe wa Clorinda," akasema. "Umechelewa. Wenzako wangekuja nikiwa bado na meno."

Nikamuuliza kama kaka zake mama mkwe wangu walikuwepo siku ile.

"Walikuwa mbele, na maksai wao. Jozi kumi na nne zilikuja. Nyumba ikashuka hadi maji, ikafungwa mapipa ubavuni, boti tatu zikaivuta. Clorinda alikataa kutoka. Alisimama dirishani, jiko linawaka, moshi unatoka kwenye bomba katikati ya bahari. Tulicheka mpaka tukakaa chini."

Hapo nilikumbuka swali ambalo nilipaswa kuwa nimeliuliza miaka mingi nyuma. Kwetu msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kuhamisha nyumba, hauitishwi na mtu baki. Mwenye nyumba mwenyewe hupita mlango kwa mlango kuomba maksai, na asipopita yeye, hakuna anayefungua zizi.

"Nani alikuja kwenu kuomba?"

"Clorinda, nani mwingine? Baba yao alipofariki kaka walichukua ardhi, yeye akapewa nyumba. Alipopata mchumba ng'ambo, akaondoka na nyumba yake. Belarmino hakuwa hata na banda la kuku." Akaangusha kiazi kwenye sufuria. "Sisi tulisema ni yeye, mwanamume, aliyeolewa."

Nilirudi nimesimama botini safari nzima, nisiweze kukaa. Nilimwona Clorinda kama nilivyomjua: mdogo, mkimya, hamruhusu mtu mwingine kupaka rangi mlango. Kila Januari alifuta vumbi kwa kitambaa kwenye alama ya maji ya chumvi chini ya ukuta wa sebule, alama yenyewe akaiacha ilivyo. Alisema "nyumba yangu" mara elfu mbele yangu, nami nilidhani anasema kama wanawake wote wasemavyo. Watu walipomwita mumewe mwizi, alinyamaza. Mumewe naye alinyamaza. Nadhani kwa Belarmino kuitwa mwizi kulikuwa kwepesi kuliko kuambiwa anakaa kwa mkewe. Hilo limenichukua muda kumsamehe.

Jumamosi asubuhi nilikuwa karakanani kwa Gumersindo kabla hajavaa aproni.

"Unauliza hati," nikamwambia. "Mimi nakuuliza: nani aliomba maksai?"

"Nani?"

"Clorinda Chiguay. Mlango kwa mlango. Hermosina Nahuel yuko hai, nenda kamuulize, ila usimwambie umetumwa na mimi, atakumenyesha viazi."

Aliupapasa ubao. Yeye pia amewahi kuomba maksai. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Basi jina la Oyarzo linatoka kabisa, Mwalimu. Uliondoka hapa ukienda kulisafisha."

"Limesafika. Litoe."

Akachukua randa, akapitisha mara mbili, na Belarmino akaanguka sakafuni kwa vipande vyembamba vilivyojikunja. Nikaketi kwenye kigoda kumsomea herufi moja moja, C ya kwanza iwe kubwa, ionekane hata na walio kwenye boti.