Herufi za Moto

Sikuwa mbunifu. Niliambiwa ni mbunifu, nikaamini, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka wa 2007 nilifanya kazi katika duka dogo la uchapishaji mtaani Rhonda, Nakuru: kompyuta moja, printa moja ya rangi na mashine ya fotokopi iliyobana karatasi kila asubuhi. Nilitengeneza mabango ya mikutano ya injili, kadi za harusi na programu za mazishi. Lakini kilichonipa sifa mtaani ni pambo moja tu, herufi zinazowaka moto.

Nilijifunza kwenye sidii ya kuazima. Unaandika neno jeupe juu ya weusi, unalilaza ubavu, unalipuliza kwa ule upepo wa programu ya picha mpaka herufi zitoe manyoya, unalisimamisha tena, unalitikisa kidogo, kisha unalipaka rangi ya chungwa na manjano. Dakika kumi, neno linawaka. Makanisa yalipenda, wenye matatu walipenda, na uchaguzi ulipokaribia hata wagombea walipenda. Nikafika mahali pa kutomuuliza mteja anataka nini. Nikiona neno kubwa, naliwasha.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, vurugu za baada ya uchaguzi zikiwa zimepungua, akaja mzee mmoja. Mwenye duka alikuwa amekimbilia kwao na kuniachia funguo, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Mzee alivaa koti la kupewa ambalo mikono yake ilifunika vidole. Mkewe alikuwa amefia katika kambi ya wakimbizi, na kesho yake saa nne angezikwa kwenye makaburi ya mjini, maana kurudi kwao Kuresoi hakukuwezekana. Alitaka programu hamsini.

"Huku hatujulikani," akaniambia. "Nataka watu wajue wamezika nani."

Akanipa karatasi aliyoandika mwenyewe, na picha ya mkewe, ile moja waliyobaki nayo. Kona yake ya chini ilikuwa imeungua, nyeusi na kukunjamana.

Hapa ndipo ninapoona haya zaidi. Ile kona niliiona. Niliitazama kuliko mtu yeyote, kwa sababu niliikuza ikajaza skrini, nikanakili vipande vya ukuta safi na kuvibandika juu ya weusi mmoja mmoja, mpaka usingejua. Kwangu lilikuwa doa la kuondolewa. Sikuuliza limetoka wapi, na mwezi uliotangulia Nakuru nzima ilikuwa ikinuka moshi.

Kisha nikaandika jina lake chini ya uso wake, kubwa, nikaliwasha. Ndani nikapunguza maneno. Mzee alikuwa ametaja majina yote matatu mara tano; nikaweka "marehemu" kila mahali, nipate nafasi ya kutia maua. Jina si liko juu ya jalada? Nikachapa zote hamsini bila kumngoja aje kutazama, nikijua atafurahi.

Aliporudi alishika moja kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani.

"Hii ni nini umeweka kwa jina ya mama?"

"Ni moto, mzee. Ni style. Watu wanaipenda sana."

"Moto."

"Ni effect tu, mzee," nikasema, na sauti yangu ilikuwa na ukali, kwa sababu nilikuwa nimeumia. Nilitaka sifa zangu. "Hata makanisa yanaweka."

Hakunifokea. Alieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia, kwamba mama alikufa kwa kifua, si kwa moto. Moto ulichukua nyumba na ng'ombe, naye mama akiangalia kutoka kwa shamba la viazi. "Hiyo picha aliingia akaitoa yeye mwenyewe. Ndiyo moshi ikamshika kifua. Sasa wewe umemrudisha huko."

Nikasema nitachapa upya, nikashika kipanya, na stima ikapotea, kompyuta ikazima. Tulikaa tukiingoja hadi giza likaanza kuingia. Mwishowe mzee akaomba makasi. Tukakata majalada yote hamsini chini ya kidevu cha mama, uso ukabaki, jina likadondoka sakafuni. Nyuma ya kila kipande kilichoanguka palikuwa na maua yangu. Ningeweza kuchukua kalamu nikaandika jina lake kwa mkono mara hamsini. Wazo hilo halikunijia kabisa. Nilikuwa nimezoea kwamba maandishi hutoka kwenye mashine.

Kesho yake nilienda mazishini. Ningependa kusema nilikwenda kwa heshima, lakini nadhani nilitaka mzee anione nimekuja. Watu hawakufika thelathini, wengi wao wa kambini, kila mtu na karatasi yake iliyokatwa. Mchungaji hakuwa wa kwao. Alikuwa ametumwa siku hiyo na alikuwa na makaburi mengine mawili ya kwenda. Akasoma ratiba yangu vizuri, marehemu hivi, marehemu vile, mpaka akafika mahali pa kumkabidhi Mungu mtu wake. Akageuza karatasi. Akaigeuza tena.

"Samahani, ndugu zangu," akasema. "Huyu mama yetu aliitwa nani?"

Mzee akafungua mdomo, sauti ikakataa. Akajaribu tena, mabega yakitikisika ndani ya lile koti. Watu wa kambini wakatazamana. Walimjua kwa wiki tano tu, wakimwita mama. Mimi nilikuwa nayo majina yote matatu, kwa mpangilio wake, herufi kwa herufi. Lakini niliogopa wangegeuka waone ni nani anayejua, na ni nani aliyeyatoa kwenye karatasi zao. Nikainamisha kichwa, nikangoja mtu mwingine aseme.