Aliyeokolewa Mashindanoni

Wiki iliyopita nilikuwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nachagua sato, mtumbwi ukaleta bwana mmoja aliyelowa chapachapa, kavaa kichupi cha kuogelea, namba imeandikwa kwa wino begani. Wavuvi walimkuta peke yake katikati ya ziwa, wakamvutia ndani.

"Mimi nashindana," alilalamika. "Nikimaliza kuogelea kuna baiskeli mpaka Magu na kurudi, halafu mbio."

Mvuvi mmoja aligeuka, akalitazama ziwa lote. "Unashindana na nani?"

Wenzake walikuwa wameshapanda baiskeli zamani.

"Basi nirudisheni pale mliponitoa."

"Tukutupe majini mchana, watu wanaona?"

Mama muuza dagaa alikuwa ameshamfunga kanga na kumshikisha kikombe cha uji. "Kunywa kwanza, mwanangu. Aliyetolewa ziwani haondoki hapa na njaa."

Bwana aliitazama barabara, akamtazama mama, akanywa. Akaongezewa. Cha pili alikinywa ameketi juu ya gunia la dagaa.

Redioni tunaambiwa kila siku kwamba hizi ni zama za soko huria na ushindani, anayechelewa aachwe. Mwaloni habari hizo hazijafika.